Mkata Kamba wa Dunrossan

Asubuhi ya sikukuu ya Mama Maria, watu wakitoka misani, Garret Tallon alimpiga shemeji yake ngumi ya mdomo mbele ya lango la kanisa. Hakumsemesha kwanza. Jem Brannock ndiyo kwanza alikuwa anavaa kofia. Kofia ikaenda kule, mwenyewe akaenda huku, akajibamiza kwenye ukuta wa makaburi. Alipoinuka alitema jino kiganjani, akaliangalia kama mtu aliyekuta kokoto ndani ya mkate.

"Hilo moja," Garret alisema. "Yamebaki mengine yote."

"Hesabu vizuri, shemeji," Jem alijibu, damu ikimchuruzika kidevuni. "Mengi nilishang'oa."

Watu wakacheka, maana Dunrossan hata msibani watu hucheka. Garret hakucheka. Alimrukia tena, akamtia goti la tumbo, akamkamata nywele ili amsage uso kwenye mawe ya ukuta, na angemsaga kweli kweli kama Teasie asingefika. Teasie alikuwa dada yake Garret na mke wa huyo huyo Jem. Alikuja na mwavuli, wala hakuufungua. Alimchoma nao kaka yake mbavuni mpaka akaguta.

"Mwachie! Mwachie, mbwa wee, siku ya Mama Maria!"

"Huyu kamuua Lar, Teasie."

"Lar nilimlea mimi kwa chupa mama alipokufa. Usinifundishe kumlilia." Kofia yake ya kanisani ilikuwa imeinamia sikio. "Mwaka huu nimeshazika ndugu. Ukinifanya mjane, Garret, na wewe nakuzika. Utakuwa unapita dirishani kwangu nami nafunga pazia."

Garret alimwachia Jem, akajifuta mkono kwenye suruali.

"Basi kaa naye ndani leo," alisema. "Maana akiitia mashua majini, harudi."

"Nina watoto wanne," Jem alisema. "Nikikaa ndani nani atawalisha? Padri?"

Wote wawili walikuwa wadaka-meli. Kazi hiyo imekwisha sasa, lakini miaka ile kabla ya vita ya Wajerumani ndiyo iliyolisha Gati la Magharibi lote. Meli ikichomoza baharini, mashua zinatoka mbio kuikimbilia. Wa kwanza kuitupia kulabu yenye kamba ikanasa, meli ni yake: ataiongoza kuingia bandarini, ataifunga, atashusha makaa yake. Wa pili hapati hata salamu. Kwa hiyo watu walivunjana taya kwa makasia asubuhi, na jioni wakaketi benchi moja wakinywa bia nyeusi na kuguguna kwato za nguruwe. Kila kitu kiliruhusiwa, ila kimoja tu. Kamba ya mtu ikishanasa haikatwi. Mkata kamba, mashua yake hupandishwa juu ya mawe ikapasuliwa kwa mashoka, naye hashiki kasia tena Dunrossan mpaka anaingia kaburini. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na haikuwa na mlango wa nyuma.

Mwezi wa tatu, siku ya ukungu, Garret alilala na homa. Mdogo wake Lar akatoka na mashua yao, wawili tu: yeye mbele na kulabu, ami yao mzee Packy nyuma kwenye kasia na usukani. Lar aliinasa meli. Mashua ya Jem ilikuwa ubavuni kabisa. Kilichofuata, Lar alikuwa majini, na bahari ikamrudisha wiki iliyofuata, pale ufukweni wanapooga wanawake. Kamba iliyobaki katika mashua ilikuwa imekatwa kwa kisu. Mzee Packy alisema neno moja, na hakulibadilisha mpaka kifua kilipomuua: "Nilimwona Jem kainama juu ya Lar, ana kisu."

Jem alipoulizwa alisema hakukata kitu. Na kwa kuwa Packy alikuwa mtu wa kuanza kunywa kabla ya chai, wazee wa gati wakaamua kwamba neno la mlevi mmoja halipasui mashua. Wakaishia hapo. Garret hakuishia hapo. Tangu siku hiyo alilala na jambo moja na kuamka nalo: kumzamisha Jem Brannock kwenye maji yale yale.

Kufikia saa nne mji ulikuwa umefurika. Treni ya Dublin ilishusha watu kama inatapika. Kutoka milimani wakulima walikuja na mikokoteni ya punda, wazee wao wenye magoti mabovu wamelazwa juu ya majani makavu, kwa sababu maji ya bahari siku ya Mama Maria yanaponya, na mtu akijizamisha mara tatu hapungukiwi kitu isipokuwa joto. Kule Gati la Mashariki beni la askari lilikuwa linapuliza matarumbeta, na wanawake wa mjini wanapita na miavuli myeupe. Mtu mmoja mwenye kofia ngumu, jina lake Fennelly, alikuwa akiwatembeza wageni. Aliwaonyesha mnara wa mizinga uliojengwa kumngojea Bonaparte, ambaye hakuja. Aliwaonyesha kaburi la pamoja la askari waliozama kabla bandari haijajengwa, akataja idadi ya maiti kubwa kidogo kuliko waliozikwa. Mwisho akawaleta Gati la Magharibi, akanyoosha fimbo.

"Na hawa, mabibi na mabwana, ndio wadaka-meli. Watu wakali kuliko wote pwani hii. Wanaishi kwa samaki na matusi."

"Samaki ghali," alisema Podge Devlin, mpiga kasia wa Garret, jitu la shingo ya ng'ombe. "Matusi tu yanatutosha."

Wageni wakachekelea. Mwanamke mmoja mwenye glavu nyeupe akauliza kama leo watagombania meli.

"Mkiwa na bahati, bibi," Fennelly alisema, "mtaona na damu."

Garret aliwasikia kama mtu anavyosikia nzi. Macho yake yalikuwa kwa Jem, aliyekuwa anashusha mashua yake majini na vijana wake wawili wa kasia, mdomo umemvimba kama mkate uliozidi chachu.

"Garret," Podge alisema kwa sauti ya chini, "leo tunadaka meli au tunadaka mtu?"

"Wewe kazi yako kasia."

"Nauliza tu, nijue nile kiasi gani."

"Lar alikuwa binamu yangu mimi pia," alisema Christy Tallon, aliyeshika nafasi ya mbele na kulabu badala ya marehemu. "Podge, kula kidogo."

Bendera ikapanda juu ya mnara. Meli! Mtu akapiga kelele, na mashua zikaondoka kama mbwa waliofunguliwa.

Ilikuwa meli ya makaa kutoka Wales, nyeusi, ya moshi, imekalia maji. Mashua nyingine zilianza vizuri, lakini upepo uliwarudisha nyuma, na walipolipita jiwe la mwisho la gati walibaki wawili mbele: Brannock na Tallon, makasia karibu yanagusana. Kule ng'ambo watu wote wa Gati la Mashariki walikuwa wamekimbilia ukingoni, na beni lilikuwa limegeuza viti ili nao waone.

"Habari za jino, Brannock?" Christy aliita.

"Linakusalimu! Linasema mama yako alipiga ngumi nzito kuliko hiyo!"

Podge alicheka huku akivuta, akapaliwa. Garret hakusikia kichekesho. Aliitazama meli ikikua, ukuta wa chuma na kutu, maji meupe yakichemka nyuma, na alikuwa anapima jambo lingine kabisa. Hakuipimia kulabu. Alipima nafasi iliyokuwapo kati ya mashua ya Jem na ule ukuta.

Christy akatupa. Jem naye akatupa, yeye mwenyewe, amesimama mbele ya mashua yake. Kulabu mbili zikapiga ukingo wa meli kwa wakati mmoja, na ya Christy ikanasa. Ya Jem ikateleza, ikarudi majini.

"Yetu!" Christy alipiga kelele. "Imekula! Garret, yetu!"

Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Meli ni yao, kila mtu ameona. Garret angenyoosha usukani tu, na Jem angerudi nyumbani mikono mitupu, na mambo yangeishia hapo mpaka meli nyingine. Garret akausukuma usukani wote upande wa pili.

Mashua yake ikaipiga ya Jem ubavuni na kuibana kwenye chuma. Mbao zikalia. Jem, aliyekuwa amesimama, aliweka mkono kwenye ubavu wa meli ili aisukume mashua yake mbali, na wimbi likazikutanisha tena; mkono ukabaki katikati. Vidole vitatu vilipondeka kama mtu anavyoponda konokono. Aliutazama tu, uso ukageuka rangi ya chaki, akaanguka majini.

Alipoibuka, Garret alikuwa anamngoja na kasia. Alimpiga nalo begani. Akaibuka tena, akampiga kichwani, na maji yakawa mekundu kuuzunguka uso ule. Vijana wa Jem walikuwa wanapigana na Podge, kasia kwa kasia. Mmoja wao alipigwa taya akakaa chini kama mtoto. Na kutoka Gati la Mashariki, juu ya maji, ikaja sauti ambayo Garret hakuielewa mara moja. Walikuwa wanapiga makofi. Mamia ya watu wenye kofia za majani, walidhani ni mchezo walioandaliwa kwa ajili ya sikukuu.

"Mara moja zaidi," Garret alijisemea, akainua kasia.

Ndipo meli ikaongeza mwendo. Nahodha aliona ugomvi chini yake, akataka kujitenga nao. Christy alikuwa ameiacha kamba ili atazame. Mikunjo yake ilikuwa imelala miguuni pake, na alipoisikia inakimbia alirudi nyuma hatua, akaingia ndani ya mkunjo. Kamba ikapanda ukingoni, ikakaza. Kamba iliyokazwa na meli si kamba tena, ni chuma. Wote katika mashua walisikia mfupa.

Christy alivutwa mpaka mbele, tumbo juu ya ukingo, nusu yake nje, mguu wake umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Mashua ikainamisha pua, maji yakaanza kuingia. Hakuwa na pumzi hata ya kulia. Mikono yake ilikuwa inakwaruza mbao, na kila meli iliposonga ilimchukua kidogo zaidi.

Garret hakufikiri. Alitupa kasia, akaruka juu ya Podge, akachomoa kisu kiunoni. Alipiga goti juu ya mgongo wa Christy, akainama juu yake, akakata. Uzi baada ya uzi. Akakata na kidole chake pia, hakujua. Kamba ikalia kama risasi, ncha yake ikampiga shavu ikaifungua nyama, na mashua ikainuka ikatulia. Meli ikaenda zake na kulabu yao.

Akabaki amepiga goti pale pale, kisu mkononi, juu ya mtu wa ukoo wake. Na hapo ndipo alipojiona. Mzee aliyekaa nyuma kwenye usukani, katika ukungu, angeona nini? Angeona mgongo na kisu. Basi.

"Hivyo hivyo," ilisema sauti majini.

Jem alikuwa ameshika ukingo wa mashua kwa mkono mmoja mzima. Ngozi ya kichwa ilikuwa imefunguka, damu inamwingia jichoni.

"Hivyo hivyo, Garret. Kiunoni ilimkaba yeye. Ila mimi nilichelewa."

"Mbona hukusema?" Garret alimgeukia. "Jem! Mbona hukusema?"

"Niwaambie wale kwamba nimekata?" Alicheka, au alitapika maji. "Halafu nile nini, na watoto?"

Vidole vyake vikateleza. Garret akamrukia, lakini mikono miwili mikubwa ikamkumbata kifua kutoka nyuma. Alikuwa Podge.

"Mwache," Podge alisema sikioni mwake, bila hasira, kama anayemkumbusha mtu sala. "Bahari imeshamshika. Mtu aliyeshikwa na bahari hanyang'anywi, unajua. Ukimtoa huyu, itakuja kuchukua mmoja wetu. Baba yako alikwambia, na wangu aliniambia."

Ilikuwa kweli, baba yake alimwambia. Kila mtoto wa Gati la Magharibi aliambiwa hayo kabla ya kufundishwa kufunga fundo. Garret alirusha kichwa nyuma kwa nguvu zake zote na kusikia pua ya Podge ikivunjika. Mikono ikalegea. Akajitupa juu ya ukingo, akaingiza mkono majini mpaka begani, hakupata kitu, akaingiza tena, akapata nywele. Zile zile alizozikamata asubuhi. Alimvuta Jem kwa nywele, kisha kwa kola, kisha kwa mkanda, huku Podge akimpiga mgongoni na kumlaani yeye na kizazi chake, mpaka wote wakaanguka ndani ya mashua, wamechanganyikana na Christy na maji na damu, na Gati la Mashariki likashangilia upya.

Walipofika mteremko wa mawe wa Gati la Magharibi, wadaka-meli wote walikuwa wamesimama hapo. Hakuna aliyesalimia. Christy walimbeba juu ya ubao, amezirai. Jem walimlaza juu ya mwani. Teasie alikuja mbio akipasua watu, akapiga magoti, akaufunga ule mkono kwa kitambaa chake cha kichwani, na hakumtazama kaka yake.

Barney Kehoe, mkubwa wa gati, mzee mwenye jicho moja, aliinua kipande cha kamba kilichobaki katika mashua ya Tallon. Aliigusa ncha yake kwa kidole gumba.

"Kisu," alisema. "Kulabu ilikuwa imenasa, tumeiona sote. Nani kakata?"

"Brannock!" Podge alisema papo hapo, damu ya pua ikimwingia mdomoni. "Nani mwingine? Kaja majini kama nyoka akakata. Mara ya pili hii! Packy alisema, mkamwita mlevi."

Minong'ono ikapita. Mtu mmoja alikuwa tayari ameshaenda kuchukua mashoka. Yalikuwa yanahifadhiwa nyuma ya ghala la chumvi. Vijana wa Jem walianza kubisha, lakini walikuwa wamepigwa na hawakuona kitu. Mashua ya Brannock ilikuwa imefungwa pale pale, ubavu umebonyea lakini mzima. Teasie aliitazama mashua ile, kisha akamtazama mumewe. Jem alikuwa anamtazama Garret kwa jicho lisilokuwa na damu.

Podge naye alimtazama. Mashua ya Tallon ilikuwa chakula cha nyumba tatu: yake Podge, ya Christy aliyevunjika mguu, na ya Garret mwenyewe. Neno moja tu lingetosha. Hata halikuhitajika neno. Kukaa kimya kungetosha.

"Mimi," Garret alisema.

"Mimi nini?" Barney aliuliza.

"Nimekata mimi."

"Anamficha shemeji yake!" Podge alipiga kelele.

"Tangu lini?" mtu alisema nyuma, na watu wachache wakacheka bila kutaka. "Asubuhi kamng'oa jino!"

Garret akainua mkono, wakaona kidole chake kilivyochanjwa na kisu chake mwenyewe. "Kamba ilimshika Christy mguu. Nikakata."

Barney hakuwa mtu mbaya. "Ungesema ilikatika yenyewe," alisema.

"Ungeniamini?"

"Hapana. Lakini ungesema." Alisugua jicho lake. "Sheria haiulizi kwa nini, Garret. Wewe mwenyewe umetupigia kelele hivyo tangu mwezi wa tatu."

"Najua nilichosema."

Hapo Jem akajiinua kwa kiwiko. Mdomo wake uliovimba ulikuwa unahangaika na neno. "Ngojeni," alisema. "Ngojeni. Hata mimi, siku ile ya Lar, mimi ndi—"

Garret alimfikia kwa hatua mbili. Akamkamata koo, akamlaza chali juu ya mwani, akambana mpaka neno likafia ndani. Watu wakaguta. Teasie akampiga kichwani, usoni, penye lile jeraha la kamba, kwa mikono yote miwili. Garret aliinamisha mdomo mpaka kwenye sikio la shemeji yake.

"Watoto wanne, mjinga wewe," alimnong'oneza. "Meza."

Akamwona anameza. Akamwachia.

"Mnyama!" Teasie alikuwa analia kwa hasira. "Hata baada ya kumvunja hivi! Kumbe majini ulimtoa ili umuue mwenyewe? Mimi na wewe basi, Garret. Basi kabisa."

Garret alifungua mdomo. Wadaka-meli wote walikuwa wanasikiliza. Akaufunga.

Teasie akamwinua mumewe, akaupitisha mkono wake mzima shingoni, wakapanda mteremko polepole. Jem aligeuka mara moja. Teasie hakugeuka.

Mashua ya Tallon ikapandishwa juu ya mawe. Baba yao ndiye aliyeijenga, na kwa desturi mkata kamba hupiga pigo la kwanza yeye, ili asije akasema alionewa. Barney akampa shoka. Garret alipiga mbele, pale Lar alipokuwa akisimama. Ubao haukuvunjika, baba yao hakuwa mtu wa kazi ya kulipua. Alipiga tena, ukapasuka. Wengine wakaingia, watu kumi, kumi na tano, wakapasua, na Podge akakaa juu ya jiwe ameshika pua yake, akilia waziwazi.

Wageni walikuwa wamevuka kutoka Gati la Mashariki ili waone kwa karibu. Fennelly alikuwa anawaeleza kwamba hii ni mila ya kale sana, ya kuishukuru bahari, na kwamba hufanyika mara moja tu kwa mwaka. Vipande vya mbao viliruka mpaka miguuni mwao, na wakaanza kuviokota na kuvitia mifukoni.

Mwanamke wa glavu nyeupe alichelewa. Vilivyokuwa karibu naye vilikuwa vimekwisha. Akamwendea Garret, akamgusa kiwiko kwa adabu.

"Samahani, bwana. Naomba na mimi kipande. Cha ukumbusho."

Garret aliangalia chini. Akatafuta kisichokuwa na damu, akakiona, akampa. Kisha akaigeukia mashua, akainua shoka.